Nilivyokwenda Mau Kuchota Hewa

Kila ninayekutana naye tangu nirudi ananiuliza swali lilelile: ni kweli ulizunguka bondeni na sanduku la chupa tupu? Nimechoka kujibu kwa vipande, huyu mkia na yule kichwa, kwa hivyo nimeketi niandike yote. Nianze kwa kusahihisha: chupa hazikuwa tupu. Ugomvi wote wa safari hii ulikuwa juu ya jambo hilo.

Chanzo chake mnakijua nusu. Nekesa, binti ya mama yangu mkubwa, anafanya utafiti wa hewa katika maabara moja karibu na Njoro. Mwezi wa saba alialikwa kuzungumza na wakulima katika ukumbi wa kanisa. Aliwaambia kwamba moshi wa magari, viwanda na misitu inayochomwa unaongeza gesi ya kaboni angani mwaka baada ya mwaka, kwamba gesi hiyo hushika joto kama blanketi, na kwamba imeenea dunia nzima. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nikainua mkono na kumuuliza imepimwa wapi. Akataja kisiwa cha mbali, katikati ya bahari. Nikasema kisiwa si Njoro. Nikasema moshi ni wa wenye viwanda, na kule juu Mau, mahali ambapo hata trekta haijafika, hewa bado ni ileile waliyoivuta mababu. Wazee walinipigia makofi na kucheka. Nekesa akakunja karatasi zake kabla hajamaliza.

Nje alinisubiri kwenye ngazi.

"Mdomo uko nao," akaniambia. "Sasa tumia miguu. Niletee hiyo hewa ya mababu. Mashine ya kupimia nimeazimwa, wenyewe wanakuja kuichukua Ijumaa jioni. Hewa yako ikiwa na gesi kidogo kuliko ya kisiwani, nitarudi kwa ukumbi niwaambie hawa wazee nilikosea. Ikilingana, utarudi wewe."

Mimi kuambiwa hivyo ni kama kuwashiwa moto chini ya kiti. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Akanipa chupa nne za kioo zenye vizibo vizito vya kubana, pampu ya mkono, na masharti. Uchote mchana, upepo ukivuma. Usichote asubuhi, kwa sababu usiku majani na udongo huipumulia hewa ya karibu ikaharibika. Kaa mbali na watu, wanyama na moto. Elekea upepo. Na muhimu kuliko yote: bana pumzi, maana pumzi ya mtu imejaa gesi hiyohiyo. Ukishafunga, chupa isifunguliwe mpaka ifike kwake.

Section 58 mpaka Kariandusi

Gari lilikuwa la Hapi. Kwa wasiomjua: jina lake ni Harpreet, tumekuwa pamoja tangu shule ya msingi, na baba yake anauza mbao mjini. Wiki ile alikuwa na mbao za kushusha karibu na Gilgil, nyingine Salgaa, kisha apande Molo kuchukua nguzo. Safari yake ilipita kila mahali nilipopataka. Alinichukua nyumbani kwetu Section 58, Nakuru, mama akiwa bado anazifunga chupa kwa sweta kuukuu kama watoto wachanga.

"Kwani unaenda kubatiza hizo chupa?" Hapi akaniuliza.

Kabla ya Gilgil tulisimamishwa na polisi. Mwaka huu wa kura kila sanduku linatiliwa shaka.

"Ndani kuna nini?" afande akauliza.

"Sasa hivi hakuna kitu, afande."

"Na baadaye?"

"Hewa."

Alimtazama Hapi. Hapi akatazama usukani.

"Chang'aa siku hizi inaitwa hewa?"

Nilimwacha afungue moja, kwa kuwa zilikuwa bado hazijatumika. Alinusa kwa muda, akafumba macho, akanusa tena. "Haina harufu," akasema, kama aliyedhulumiwa. Akaturuhusu, lakini akaonya kwamba tukirudi nazo zikiwa zimejaa atazionja.

Baada ya kushusha mbao tulirudi nyuma kidogo tukaingia Kariandusi. Kuta za machimbo pale ni nyeupe kiasi kwamba jua likiwaka macho yanauma. Mwenyeji wetu alikuwa kijana anayeitwa Macharia, aliyekuwa mweupe wa vumbi mpaka nyusi. Akatuonyesha matabaka ya udongo akasema ni mabaki ya vijimea vidogo vya ziwani. Ziwa Elmenteita tuliloliona kule chini lilikuwa limefika hapa juu zamani za kale.

"Ungesimama hapa wakati huo, boss, ungekuwa umezama."

Nilirukaruka, kweli. "Umesikia, Hapi? Ziwa lilikauka lenyewe! Kulikuwa na matrela wakati huo?"

"Hakukuwa na hata baiskeli!" Macharia akasema, naye akifurahi kwa sababu mimi nimefurahi.

Tukapanda mlima mdogo juu ya machimbo. Upepo ulikuwa mzuri. Nikaelekea upande unakotoka, nikajaza mapafu, nikabana pumzi, nikafungua chupa na kuanza kupiga pampu. Sikuwa nimemweleza Macharia kuhusu kubana pumzi. Aliona mtu amevimba mashavu, macho yamemtoka, uso unabadilika rangi.

"Boss? Boss, uko sawa? Huyu anakufa!"

Akanipiga ngumi mgongoni. Pumzi yote ikatoka, nadhani nusu yake iliingia chupani. Hapi alikuwa ameketi chini akicheka hata akashindwa kusema. Tulianza upya, safari hii sote watatu tumebana pumzi, Macharia kwa kuonyesha samahani na Hapi kwa kuogopa kucheka.

Kariandusi mpaka Salgaa

Salgaa tulifika siku iliyofuata, saa za chakula. Matrela yalikuwa yamejipanga kando ya barabara mpaka jicho linapoishia, mengine yakinguruma bila kwenda popote. Hapa nilitaka hewa chafu, ili niwe na kitu cha kulinganisha na ile safi ya Mau. Nilisimama katikati ya magari mawili, nikabana pumzi, nikachota. Nilipogeuka, wanaume kama kumi walikuwa wananiangalia.

Ndani ya hoteli tuliagiza ugali na matumbo. Habari zangu zilikuwa zimeshafika jikoni. Dereva mmoja wa trela, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, alivuta kiti chake karibu.

"Niaje, boss. Ile ilikuwa nini?"

Nikamweleza, kisha nikamuuliza yeye anaamini vipi: dunia inapata joto kwa ajili ya moshi?

"Wewe ni wa kura ya maoni," akasema papo hapo. "Andika mimi siko upande wowote."

"Si siasa, mzee."

"Kila kitu ni siasa mpaka kura ya Disemba." Lakini alikuwa na lake. "Hiyo maneno ya joto iko kwa Biblia. Ni siku za mwisho. Hata hii lori ikizimwa, siku za mwisho ziko palepale. Sasa nizime ya nini?"

"Muongo," akasema mathe mwenye hoteli, akiweka sahani ya ugali mezani kwa kishindo. "Ni watu wa mbao. Wamekata miti yote. Huyu Muhindi hapa, si ni wa mbao? Wewe ndio umemaliza mvua yetu."

Hapi hakuinua kichwa kutoka kwa sahani. "Mathe, na hiyo meza umeegemea ilitengenezwa na nini? Uji?"

Hoteli nzima ikalipuka. Mathe mwenyewe alicheka mpaka akajipangusa macho kwa aproni, akamwongezea Hapi mchuzi. Mabishano yakaenea. Mmoja alisema ni satelaiti. Mwingine akasema wazungu wameshatajirika na sasa wanataka sisi tuendeshe punda. Hilo nililipenda sana, nikalirudia kwa sauti. Nawaambia ukweli: nilitoka Salgaa nikiwa na hakika kuliko nilivyoingia. Nchi nzima ilikuwa upande wangu, hata kama hakuna wawili waliokuwa na sababu moja.

Salgaa mpaka Molo, na juu zaidi

Kutoka Molo barabara ya lami ilituacha mapema, kisha ya changarawe nayo ikachoka. Hapi alitaka kupakia nguzo na kuteremka, nikamwomba tupande kidogo tu. Nilimwambia "kidogo tu" mara nyingi. Tulipita mashamba ya viazi, kisha pareto, kisha malisho matupu yenye baridi ya kukata masikio, mpaka njia ikageuka kuwa ya ng'ombe.

Tuliacha pikapu tukatembea mpaka ukingo wa juu kabisa. Jamani. Upande mmoja msitu, mwingine bonde lote limetandazwa kama kitanda, na upepo unakuja moja kwa moja usoni bila kugusa nyumba wala mtu. Hakukuwa na sauti ya injini popote. Hii ndiyo, nikajiambia. Kama ipo hewa ya mababu duniani, ni hii. Nilibana pumzi na kuijaza chupa ya tatu.

Tuliporudi kwenye gari mvua ilitupiga kabla hatujafunga milango. Hapi akajaribu kugeuza. Pikapu ikajiketisha kwenye matope mpaka kwenye ekseli.

Mama mmoja alikuwa anashusha ng'ombe wake, amejifunika gunia la plastiki kichwani. Alilitazama gari, akatutazama sisi.

"Hiyo gari italala hapo," akasema. "Nyinyi msilale."

Kwa Mama Chelagat

Ndivyo tulivyojikuta jikoni kwa Mama Chelagat, viatu vyetu vikitoa mvuke kando ya moto. Ni mama wa umri wa mama yangu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Binti yake, Chelagat, anasomea uuguzi Nakuru, na kwa sababu sisi tumetoka Nakuru tukahesabiwa kama watu wa nyumbani. Tulikula ugali wa wimbi na mboga, tukanywa maziwa lala ya kibuyu, yaliyotiwa mkaa kwa desturi ya huko, ambayo Hapi alidhani yameungua mpaka alipoonja akaomba tena.

Sanduku langu nilikuwa nimelikumbatia muda wote.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali niwekee hili mahali ambapo hakuna mtu ataligonga. Ni kitu cha maana sana."

Alilipokea kwa mikono miwili. Sikumweleza ni kitu gani. Nilikuwa nimechoka kuchekwa, na nilidhani sanduku likifungwa limefungwa.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa, anga limeoshwa. Mimi na Hapi tulikuwa matopeni tukichimba tangu jua linachomoza, vijana wa jirani wakitusaidia kwa kamba na kelele. Gari likatoka. Wakati tunashangilia, nikamwona Mama Chelagat anakuja na sanduku, amelifunika leso safi, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

"Mgeni haondoki kwangu na chombo kitupu," akasema.

Nikalipokea. Lilikuwa zito.

Nikafunua leso. Chupa ya kwanza, maziwa. Ya pili, maziwa. Ya tatu, ile ya ukingoni, maziwa mpaka shingoni, povu bado liko juu.

"Ya nne maziwa yaliisha," akaongeza kwa aibu. "Ng'ombe mmoja amekauka. Unisamehe."

Hapi alienda nyuma ya pikapu. Niliona bodi la gari likitikisika kwa kicheko chake. Mimi nilikuwa bado nimeshika leso.

"Mama," nikamwuliza, "ulimwaga nini kilichokuwa ndani?"

"Ndani hakukuwa na kitu. Nilichungulia."

"Kulikuwa na hewa."

"Hewa?" Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanionyesha kwa mkono mzima, bonde na anga pamoja. "Si hii hapa? Chukua."

"Ilikuwa ya jana, mama. Ya pale juu."

"Hewa ya jana na ya leo ziko na tofauti?"

Hilo ndilo swali hasa nililokuwa nimepeleka Njoro, ila mimi niliuliza kwa dharau na yeye aliuliza kwa kutaka kujua. Nikaketi kwenye ubao wa gari nikamweleza yote: Nekesa, ukumbi, mashine, Ijumaa jioni. Alisikiliza amejishika kiuno. Nilipofika mahali pa mashine kuondoka leo, alipiga kofi moja kubwa.

"Basi iko chupa moja."

Na kweli ilikuwepo. Ya nne, haijaguswa, imelala kavu ndani ya sweta lake. Kariandusi ilikuwa imekwenda, Salgaa imekwenda, lakini uliobishaniwa ulikuwa ukingo ule tu.

"Chota hapa hapa twende," Hapi akasema, macho bado mekundu. "Nekesa atajuaje?"

"Nitajua mimi."

"Na mimi," akasema Mama Chelagat. "Hapa kuna moshi wa jikoni na ng'ombe. Tunapanda."

Ukingoni, mara ya pili

Upepo haukuwa na haraka. Tulikaa pale juu tumezikabili nyasi zisizotikisika, tukila viazi vya kuchemsha, Hapi akitazama saa yake na mimi nikimkataza. Kutoka pale mpaka Njoro kupitia Elburgon, kwa barabara ile yenye matope, tulihitaji sehemu kubwa ya mchana.

Jua lilipopita utosini nyasi zikaanza kulala. Upepo! Nikasimama, nikatoa chupa, na papo hapo nikanusa moshi. Ng'ambo ya korongo dogo, upande uleule upepo unakotoka, mtu alikuwa anachoma magugu mabichi, na moshi mzito mweupe ulikuwa unakuja kwetu kama ulioitwa.

Mama Chelagat alikusanya mikono mdomoni.

"Baba Kiprono! Zima huo moto kidogo!"

Sauti ikarudi kutoka ng'ambo. "Kwa nini?"

"Kuna mgeni anachota hewa!"

"Anachota nini?"

"Hewa!"

Moshi ulizidi kuja.

"Mwambie hewa ni ya Mungu, moto ni wangu!"

Tulivuka korongo mbio, mimi nimebeba chupa, Mama Chelagat amebeba maziwa. Baba Kiprono alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la mvua na macho ya kutoamini, na mnisamehe, nilimpenda mara moja. Alinihoji kama ambavyo mimi ningemhoji mtu. Nani amenituma? Mashine ni ya nani? Matokeo yataenda wapi? Kisha akafikia lililokuwa linamsumbua.

"Nyinyi ni watu wa serikali. Mnatafuta sababu ya kututoa huku Mau. Mtapeleka hiyo chupa, mseme hewa imeharibika, aliyeiharibu ni Baba Kiprono."

"Mzee, mimi nataka kinyume. Nataka kuonyesha hewa yako ni safi kuliko ya mahali pengine popote."

Alinitazama. "Unaweza?"

"Nina hakika."

"Kumbe! Ungesema hivyo kutoka mwanzo." Akachukua jembe, akaanza kufukia moto kwa udongo kwa kasi ambayo sikuitegemea, Hapi na Mama Chelagat wakimsaidia kwa miguu. Alipomaliza akapokea chupa ya maziwa, akanywa nusu akiwa wima, akaninyooshea kidole: "Lakini useme ukweli. Ikiwa safi, useme. Ikiwa chafu, useme imetoka wapi."

Nilimwahidi. Wakati ule niliona ni ahadi rahisi.

Tulirudi ukingoni, tukasubiri moshi uliobaki upeperuke mpaka Baba Kiprono mwenyewe, mwenye pua ya kujua moto wake, akasema umekwisha. Mama Chelagat akawapanga wote nyuma yangu, upande upepo unakokwenda, akawaamuru wabane pumzi pia, ng'ombe tu ndio waliosamehewa. Nikaelekea upepo. Nikafungua, nikapiga pampu, nikafunga. Nilipogeuka niliona watu watatu wazima wamevimba mashavu wakinisubiri niwape ruhusa ya kupumua.

Mama Chelagat aliniandikia namba ya simu yake kiganjani kwa kalamu. Mtandao unapatikana pale ukingoni peke yake, kwa hivyo angekuwa palepale jioni wakati wa kurudisha ng'ombe.

"Nipigie uniambie kama hewa yetu imepita," akasema.

Kushuka Njoro

Sitaeleza jinsi Hapi alivyoendesha. Mama yake anaweza kusoma hii. Nguzo hatukupakia. Chupa ilikuwa mapajani mwangu na mikono yangu miwili juu ya kizibo, kupita Molo, kupita Elburgon, na kila shimo nililisikia kwenye meno.

Tulipoingia uani mwa maabara, lori la wenye mashine lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Wanaume wawili walikuwa ndani ya maabara wanazungusha nyaya. Nekesa alisimama mbele ya mashine yake kama kuku mbele ya vifaranga.

"Bado," alikuwa anawaambia. "Bado kidogo. Anakuja."

Sikuwa nimempigia simu. Hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya ukumbi mzima, na bado aliamini nitakuja.

Aliunganisha chupa. Mashine ni kisanduku cha rangi ya majivu, hakivutii hata kidogo, kinanguruma kama jokofu. Ukutani alikuwa amebandika mchoro wa vipimo vya kisiwani: mstari unaopanda na kushuka kidogo kila mwaka, lakini kwa ujumla unapanda tu, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu. Namba kwenye kioo zikacheza, zikatulia.

Nekesa akaweka kidole kwenye ncha ya mstari ule, mahali ulipofikia mwaka huu. Tofauti ya namba mbili hizo ilikuwa kama unywele.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Labda chupa ilivuja."

"Ingevuja ingechukua hewa ya humu ndani. Ya humu tazama." Akapima ya chumba chetu, tuliomo watu watano tunaohema. Namba ikaruka juu mbali kabisa.

"Sawa, zimelingana. Lakini kulingana si kupanda."

"Safi," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tafuta namba yako kwenye huu mstari, hapa chini ambapo unaanza. Wakati babu yako angali anafanya kazi reli."

Nilitafuta. Haikuwepo. Namba zote za chini zilikuwa ndogo kuliko ile niliyoishusha kutoka Mau.

"Hiyo hewa uliyoahidi wazee," Nekesa akasema taratibu, "haipo tena. Hakuna ukingo wa kwenda kuichota."

Mnatarajia niseme niliumia. Sikuumia. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimesimama mahali pasipo na injini, nikabana pumzi, na ndani ya chupa yangu mwenyewe kulikuwa na moshi wa miji ambayo sitaiona maisha yangu yote! Anga lote ni chumba kimoja, na niligundua kwa mikono yangu. Nilimshika Hapi mabega nikamtikisa. Nikazungumza haraka hata wale wanaume wa lori wakaacha nyaya zao wakaja kutazama kioo. Kisha nikakumbuka kiganja changu.

Simu ilipokelewa mara moja. Nilisikia upepo na kengele za ng'ombe.

"Imepita?" Mama Chelagat akauliza, hata salamu hakuna.

"Mama, imelingana na ya dunia nzima. Ileile ya kisiwani, ileile ya Ulaya."

"Ya kwetu?"

"Ya kwenu."

"Lakini huku hatuna hata gari."

"Najua, mama."

"Ngoja. Baba Kiprono yuko hapa, anauliza kama ni moto wake."

"Mwambie si moto wake! Moto wake peke yake haungeweza!"

Alimpigia kelele bila kuondoa simu mdomoni, nikabaki na mlio sikioni. Nikasikia mzee akicheka kwa mbali, kicheko cha mtu aliyefutiwa kesi. Kisha Mama Chelagat akarudi.

"Basi ni ya nani?"

Nikaanza kumtajia. Viwanda vya mbali, miji mikubwa, ndege, misitu inayochomwa, matrela ya Salgaa, pikapu ya Hapi. Nilijisikia nikisema maneno ya Nekesa yaleyale niliyoyakatiza ukumbini, na Nekesa mwenyewe ameegemea meza ananisikiliza. Mama Chelagat aliniacha nimalize.

"Na hao wote," akasema, "kuna mtu amewaita wazime?"

Nikamwambia Jumapili naanza na ukumbi wa Njoro.

"Uko na sauti ya kufika ng'ambo?" akauliza.